Jikoni Mwetu: Mlo wa Kikombe kwa Asiyeweza Kula

Mama mwenzangu, huenda nyumbani kwako yumo mtu ambaye ugali haumpiti kooni: mama mkwe aliyebaki na meno matatu, au mume aliyetoka kuugua malaria na kila sahani anaisogeza kando. Wengi wetu humpikia uji mwepesi. Akimaliza kikombe tunafurahi, kumbe amekunywa maji zaidi kuliko chakula, na anazidi kukonda. Ukiongeza unga ili uji uwe na nguvu, unakuwa mzito, haunyweki.

Ufumbuzi wake ni kimea. Bibi zetu walikitumia kwa pombe, na miaka ya 1980 wataalamu wa lishe nchini Tanzania walikifanyia utafiti kwa ajili ya uji wa watoto. (Usishtuke, hapa hakuna kilevi.) Loweka ulezi usiku mmoja, mwaga maji, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue. Uanike ukauke kabisa, upukuse machipukizi, halafu usage. Mtama nao hufaa, ila machipukizi yake yana sumu, kwa hiyo mimi nakushauri ubaki na ulezi.

Sasa pika uji mzito, kikombe kimoja cha unga kwa vikombe vitatu vya maji. Ukiiva, uepue na uuache upoe mpaka uweze kuuonja bila kuungua ulimi. Hapo ndipo utie vijiko viwili vya chai vya kimea na kukoroga. Ukikitia katika uji unaotokota hakifanyi kazi. Baada ya dakika kumi hivi utaona uji umelegea wenyewe, bila kuongezwa hata tone la maji. Urudishe motoni uchemke tena, maana nafaka iliyochipuzwa hubeba vijidudu.

Katika kila kikombe ongeza kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa, ambacho peke yake kina kama kalori 90, pamoja na maziwa yaliyochemshwa na ndizi mbivu iliyopondwa. Karanga zichambue kwa jicho kali. Zilizosinyaa au kuota ukungu zitupe, usimpe hata kuku, kwa sababu sumu ya kuvu haiishi kwa kukaanga. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara, waliokula mahindi yaliyoingia kuvu.

Na ule unga wa nafaka kumi unaouzwa sokoni? Mimi siupendi. Humo huwezi kujua kama soya ilichemshwa au kukaangwa vizuri, wala karanga zilikuwa za namna gani.

Mpe mgonjwa kikombe kimoja kila baada ya saa tatu, bila kumlazimisha. Mwenye kisukari aonwe kwanza na daktari, kwani kimea hugeuza wanga kuwa sukari. Vivyo hivyo anayepaliwa kila anapomeza. Mtoto wa chini ya miezi sita hahusiki, yeye ana maziwa ya mama. Uji uliobaki usiulaze.