OTP ya Meseji Imechoka, Mabenki Tuwekeeni Alama ya Kidole

Mastaa wetu bwana! Mtu akipata kadi mpya ya benki, hasa ile nyeusi, lazima aiposti. Pembeni funguo za gari, juu kucha mpya, katikati kadi na namba zote nje nje. Mashabiki wanaandika "hongera", wajanja wa mjini wanaandika namba.

Kucheka tucheke, ila tatizo si la mastaa tu. Kulipa mtandaoni kunahitaji namba ya kadi, tarehe ya mwisho na zile tarakimu 3, na kwa kawaida vyote vimeandikwa kwenye kadi yenyewe. Mhudumu akiondoka na kadi yako dakika mbili, anavyo. Kinachobaki kukulinda ni benki kuhakikisha anayelipa ni wewe kweli. Na kwa kadi zetu nyingi, mlinzi huyo ni meseji ya OTP.

Mlinzi huyu kachoka, wadau.

Kwanza, anachelewa. Unalipia tangazo la biashara yako Instagram au ada ya kuomba chuo nje, unasubiri meseji, kimya. Inaingia wakati muda umeshaisha. Ukisafiri ndiyo balaa kabisa: laini ya nyumbani haishiki mtandao, hela unayo ila huigusi.

Pili, anaibika. Tapeli akifanikiwa kuhamishia namba yako kwenye laini nyingine, OTP zote zinaenda kwake. Au anakupigia kwa sauti ya upole, "huduma kwa wateja hapa, nisomee namba iliyoingia." Ukisoma tu, umemlipia simu mpya. Ukirudi benki unaambiwa namba uliitoa mwenyewe.

Dawa ipo na si ya jana. Mfumo wa kuhakiki kadi mtandaoni, 3-D Secure, Visa waliuanza mwaka 2001. Ule wa zamani ulikuwa na paswedi ambayo watu waliisahau, wakaacha bidhaa kwenye kapu wakaondoka. Mwaka 2016 likatoka toleo jipya: duka linaipelekea benki taarifa kama kiasi na aina ya simu unayotumia. Benki ikiona ni manunuzi yako ya kawaida, inaweza kuyapitisha bila kukusumbua. Ikiona kitu cha ajabu, inakuuliza ndani ya aplikesheni yake, unaweka kidole au uso, chap, umemaliza. Ulaya sheria inadai vitu viwili kati ya vitatu: unachokijua, ulichonacho na maumbile yako. Kidole kwenye simu yako kinabeba viwili kwa mpigo.

Kwa hiyo mabenki, ombi letu ni hili. Uthibitisho uhamie kwenye aplikesheni, na uonyeshe jina la duka na kiasi kwa herufi kubwa, ili mtu ajue anakubali nini. Tuwekeeni kitufe cha "siyo mimi" kinachofunga kadi papo hapo. Na tupeni uwezo wa kuzima malipo ya mtandaoni wenyewe, usiku wa manane, bila kupanga foleni asubuhi.

Najua kuna atakayesema si kila mtu ana simu ya kidole. Sawa kabisa. Huyo aweke PIN ndani ya aplikesheni, na mwenye kitochi abaki na meseji. Lakini njia ya akiba isiwe ndiyo mlango mkuu wa wote.

Na sisi tuna kazi yetu. OTP haisomwi kwa mtu, hata akijua jina la mama yako. Kadi haipostiwi, hata kucha ziwe kali vipi.

Benki yako inatumia meseji au kidole? Ulishapigwa? Funguka hapo chini, ila namba ya kadi baki nayo.