Umeme wa upepo bila nyaya ni mzigo kwa mlipaji bili

Mitambo 365 ya kuzalisha umeme kutokana na upepo ilikamilika kusimikwa eneo la Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, mwaka wa 2017. Uwezo wake ni megawati 310. Hata hivyo, ilikaa bure hadi Septemba 2018, kwa kuwa laini ya zaidi ya kilomita 400 ya kufikisha umeme huo Suswa haikuwa tayari.

Mitambo ilikuwa ya mwekezaji wa kibinafsi, ilhali laini ilikuwa jukumu la serikali kupitia kampuni yake ya Ketraco, iliyoundwa mwaka wa 2008. Mwanakandarasi kutoka Uhispania alifilisika kabla ya kumaliza kazi. Kwa mujibu wa mkataba, mwekezaji alistahili fidia kwa umeme ambao angeuza. Hatimaye mabilioni ya shilingi yalitoka kwa umma: sehemu katika hazina ya serikali, nyingine kupitia bei ya umeme.

Wapo wanaodai kwamba dawa ni kuwakabidhi wawekezaji ujenzi wa laini. Lakini mkataba wa miaka 30 kati ya Ketraco na kampuni ya Adani ya India, uliotiwa saini Oktoba 2024, ulifutwa na Rais William Ruto mwezi uliofuata, baada ya mwenye kampuni hiyo kushtakiwa Marekani kwa madai ya hongo. Kabla ya hapo, Mahakama Kuu ilikuwa imeusimamisha.

Visa hivi viwili vinadhihirisha kwamba swali la msingi si nani anamiliki nyaya tu, bali ni nani anabeba hasara mambo yakienda mrama. Jibu lisiwe mlipaji bili kila mara.

Sheria ya Kawi ya 2019 iliipa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) jukumu la kuidhinisha mikataba ya ununuzi wa umeme. Mamlaka hiyo haina budi kukataa mkataba wowote wa upepo au jua usioonyesha laini itakamilika lini, na nani atatozwa ikichelewa. Mikataba yenyewe nayo iwekwe wazi kabla ya kutiwa saini.

Wahenga walinena kuwa kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mtambo bila laini hauwashi hata taa moja.