Kila avenyu ijue bombona zake ziko wapi

Wandugu wa Kalemie, wa Kataki, wa Lubuye, wa Kamkolobondo, na ninyi mnaokaa karibu na maji kabisa,

Nyumba ikishika moto katika mji huu, sote tunakimbilia. Vijana wanachota maji, mama wanatoa magodoro na masufuria, watoto wanapanda ukutani ili waone vizuri. Siilaumu tabia hiyo. Bila majirani, wengi wetu tusingebaki hata na sahani. Lakini tuliizoea kwa moto wa mbao na nyasi. Ndani ya nyumba kukiwa na bombona, yaani chupa ya gesi iliyoshindiliwa kwa nguvu, wale waliokuja kuokoa ndio wanaosimama mahali pabaya kuliko wote, na anayewaita wasogee karibu anawaita kwenye hatari asiyoijua.

Najua jibu litakalokuja: sisi tunapikia makala, gesi ni ya watu wa Kinshasa. Ni kweli kwamba mbabula bado ndiyo jiko la nyumba nyingi. Lakini fikiria unapopita kila siku. Fundi wa kuchomelea vyuma ana chupa ya oksijeni, na pembeni ana asetilini, au pipa alilolitengeneza mwenyewe la kuchanganya kabaidi na maji. Hospitali haiwezi kukaa bila oksijeni. Mikahawa nayo inapenda gesi kwa sababu chai inachemka upesi. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania ilizindua mwezi Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya nyumba ifikapo mwaka 2034. Kati yetu na Kigoma kuna maji tu, na bidhaa zinazovuka maji hayo tunazijua. Mimi nitafurahi gesi ikienea, maana miti inayozunguka mji huu imechoka kugeuzwa makala. Ninachokataa ni kuipokea gesi bila kuipokea elimu yake.

Tazameni yaliyotokea Nairobi, mtaa wa Embakasi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024. Lori lililobeba gesi lililipuka katikati ya makazi. Chupa moja iliyoruka ilipiga ghala la nguo na kulichoma, na moto ukaendelea kwenye magari, maduka na nyumba za watu waliokuwa wamekwisha kulala. Watu kadhaa walikufa, na zaidi ya 270 walijeruhiwa. Baadaye mamlaka ya nishati ya Kenya ilisema maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali pale iliyakataa mara tatu katika mwaka 2023, sababu mojawapo ikiwa wingi wa watu wanaoishi karibu. Karatasi ilikataa, kazi ikaendelea, na waliokuwa wakipita kila siku mbele ya geti walinyamaza au hawakusikilizwa.

Kwa nini chupa ndogo inafanya makubwa hivyo? Gesi ya kupikia imo ndani kama kimiminika. Lita moja ikitoka inageuka kuwa lita karibu 250 za gesi, na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu ikapotelea mbinguni. Inatambaa sakafuni kama maji yanayotafuta mfereji, inapita chini ya mlango na kwenda kwa jirani ambaye hana hata jiko la gesi. Huko inakuta mbabula yenye makala mekundu. Ndiyo maana ile harufu mbaya wanayoitia kiwandani isipuuzwe: ukiinusa, funga chupa, fungua milango, usiguse swichi ya umeme, usiwashe tochi wala simu ndani, toa watu nje.

Moto ukiizunguka chupa yenyewe, mambo ni mengine. Kimiminika kinachemka ndani, presha inapanda, chuma kinalegea, mwishowe chupa inapasuka na vipande vyake vinarushwa mbali. Kabla ya hapo unaweza kuona ulimi wa moto ukitoka kwenye vali kwa mlio wa filimbi. Ukiuona, usiumwagie maji ili uuzime. Moto ule unakula gesi inayotoka. Ukiuzima bila kufunga chupa, gesi inaendelea kujaa chumbani ikisubiri cheche. Na mtu yeyote asijaribu kuikokota nje chupa iliyopata moto.

Ya asetilini inatisha zaidi, na ndiyo iliyo nyingi kwenye karakana zetu. Gesi hiyo ikishapashwa moto inaweza kuendelea kujivunja yenyewe ndani ya chupa hata baada ya moto wa nje kuzimika, na kulipuka saa kadhaa baadaye, wakati watu wamekwisha kurudi kuokota mabati. Huko Uingereza wazimamoto wamezoea kuwaondoa watu hadi mita 200. Kwenye avenyu zetu, mita 200 ni nyumba nyingi sana. Ndiyo sababu jambo hili haliwezi kuwa la mwenye karakana peke yake.

Kuhusu umati, sisi wa mashariki ya Congo hatuhitaji mfano wa mbali. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, Kivu ya Kusini, lori la mafuta lilipinduka barabarani. Watu wakaenda kuchota, wengine kutazama, wengine walikuwa karibu hapo wakifuata mechi ya Kombe la Dunia. Likalipuka. Walikufa zaidi ya 230. Yale yalikuwa mafuta, siyo chupa, lakini miguu iliyowapeleka pale ni hii hii yetu.

Tena Kalemie ina shida yake yenyewe, nayo ni ziwa. Mwaka 2024 maji yalipopanda yakaingia majumbani, watu walihama na walichoweza kubeba. Chupa ya gesi ya kupikia ambayo haikujaa inaelea. Maji yakiichukua itagonga kuta, vali itavunjika, gesi itatoka mahali ambapo hakuna anayeijua. Basi anayekaa kando ya ziwa au kando ya Lukuga aifunge na kuitoa mapema, kabla ya godoro.

Ninachoomba kifanyike, tukifanye siku ya Salongo ijayo, ile kazi yetu ya pamoja, kwa sababu siku hiyo tumekwisha kutoka nje. Shefu wa avenyu apite na vijana wawili, waandike kila mahali penye chupa: ni gesi ya kupikia, oksijeni au asetilini, na iko chumba gani. Asiogope mtu, hiyo siyo orodha ya kodi, na shefu atakayeigeuza kuwa ya kodi atakuwa ameiua kazi yote siku ile ile. Nakala moja ikae kwake, nyingine ifike komini. Kila avenyu ichague mtu mmoja mwenye sauti, ambaye kazi yake moto ukizuka ni kupiga kelele moja tu: «Bombona iko ndani, rudini nyuma!», na sisi tukubali leo kwamba akisema hivyo hakuna anayebisha. Tukubaliane pia mahali pa kukusanyikia, nyuma ya kuta imara, siyo barabarani mbele ya nyumba.

Mafundi, zisimamisheni chupa na kuzifunga mnyororo ukutani. Mikono yenye grisi isishike vali ya oksijeni, kwa maana oksijeni na mafuta hukutana vibaya. Wafanyabiashara, acheni kumimina gesi kutoka chupa kubwa hadi ndogo nyuma ya duka. Chupa iliyokwisha bado ina gesi kidogo, isilazwe jikoni wala isipewe watoto kuviringisha.

Kwa wakubwa wa mji na wa provensi ombi letu ni moja: msiruhusu bohari ya gesi kati ya makazi, na mkikataa ombi la mtu, tangazeni kwenye redio za hapa kwamba mmelikataa, mkitaja mahali, ili wanaokaa jirani napo wajue la kufanya wakiona lori linashusha chupa usiku.