Telefone ya mtoto na midomo ya wazee

Kila juma tunasikia kilio kile kile: telefone inatuharibia watoto. Lakini tujiulize pia, tumewapa kazi gani ya kufanya nayo?

Mtoto anakariri 30 Juni 1960 kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukiisha amesahau. Kumbe bibi yake, aliyekuwa mtoto siku hiyo, ameketi pale uani, na hakuna anayemwuliza kitu.

Lubumbashi wametuonyesha njia zamani. Mwaka 1965, mji ulipokuwa ukiitwa bado Elisabethville, chama cha watu waliowahi kuwa maboyi katika nyumba za Wazungu kilitoa kijitabu cha historia ya mji wao. Aliyekiandika ni André Yav. Aliandika Kiswahili kama kinavyosemwa mjini. Mtaalamu Johannes Fabian alipotaka kukielewa, ilibidi mwenyeji, Kalundi Mango, akisome kwa sauti. Kwa sauti, maneno yakafunguka. Mwaka 1990 kikachapwa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo kinasomwa hata kwenye intaneti. Watu waliofua na kupika ndio wakawa waandishi wa historia.

Watoto wetu wanaweza kufanya vivyo hivyo. Wakutane wanne au watano kwa telefone moja. Kurekodi hakuli mega. Wafuate hatua hizi:

1. Waombe ruhusa kwa mzee kwanza. Akikataa, wamshukuru na kumwacha.

2. Waulize swali linalofungua mdomo. Kwa mfano: "Bibi, mwaka 1972 Mobutu alipokataza majina ya Kizungu, wewe ulichukua jina gani? Nani alilichagua?" Dakika kumi zatosha.

3. Waandike maneno kama yalivyosemwa, wasiyasahihishe. Methali na utani wa bibi ndiyo fasihi yenyewe.

4. Asipokumbuka mwaka, waulize: ilikuwa kabla ya uhuru au baada? Mtoto wake wa kwanza alikuwa amezaliwa? Halafu walinganishe na kitabu cha shule. Vikipishana, wasiseme bibi amekosea. Wamwulize mwalimu na mzee mwingine. Hapo ndipo wanajifunza kazi ya mwanahistoria.

5. Wasome kwa sauti mbele ya mzee, naye asahihishe.

Kuna jambo moja la kuangalia. Wengine kati yetu wamepita vitani, na kuna vidonda ambavyo havijapona. Mtoto asimlazimishe mtu kusimulia msiba wake, wala asitume sauti ya mtu kwenye WhatsApp bila yeye kukubali. Na telefone isibaki mikononi mwa wavulana peke yao. Binti naye aulize, arekodi, aandike.

Kijitabu kile cha Elisabethville kiliandikwa na wanaume. Mama aliyeuza unga sokoni, aliyezalisha jirani usiku, aliyelea yatima wa ndugu yake, habari zake ziko wapi? Ziko vinywani mwetu tu, na kinywa hufungwa siku moja.

Basi, katika mkutano ujao, kila kikundi kichague mama mmoja mzee na watoto wa kumsikiliza. Daftari moja na telefone moja vyatosha kuanza.