Kodi Afrika Mashariki: Nani hasa anayekatwa zaidi?

Kila Juni, mawaziri wa fedha wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaposoma bajeti zao, swali moja hurejea midomoni mwa watu: ni nchi gani inayowakamua zaidi wananchi wake? Wengi hutafuta jibu katika viwango vya kodi, na viwango hivyo hupotosha.

Kodi ya Ongezeko la Thamani ni asilimia 16 nchini Kenya, ilhali Tanzania Bara, Uganda na Rwanda hutoza asilimia 18. Kwenye mshahara, tofauti ni kubwa zaidi. Katika mwaka wa fedha wa 2024/2025, Mkenya alianza kulipa kodi ya mapato mshahara wake ulipozidi shilingi 24,000 kwa mwezi, karibu dola 185 za Marekani. Mtanzania alianzia shilingi 270,000, dola 100 na ushei; Mganda shilingi 235,000, takriban dola 64; Mnyarwanda faranga 60,000, zipatazo dola 40 tu.

Kwa hesabu hiyo, Mkenya ndiye mwenye nafuu. Mbona basi ni Nairobi ambako waandamanaji waliingia bungeni Juni 25, 2024, na kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia saini Mswada wa Fedha?

Sehemu ya jibu imo katika majina. Sisi tunaotafsiri habari hizi hulijua tatizo hilo vyema: kodi, ushuru, tozo, ada, mchango. Kila jina lina utetezi wake serikalini, lakini mfukoni yote ni makato. Mfanyakazi wa Kenya hukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za gharama nafuu, makato ambayo Mahakama Kuu iliyabatilisha Novemba 2023 na yakarejeshwa kwa sheria mpya Machi 2024. Tangu Oktoba mwaka huo hukatwa pia asilimia 2.75 ya bima ya afya. Makato haya hayasubiri kiwango cha shilingi 24,000. Anayelipwa 20,000 hadaiwi kodi ya mapato hata senti moja, lakini 850 huondoka kabla mshahara haujamfikia.

Na huyo ana hati ya mshahara. Mama lishe na mwendesha bodaboda hawana. Wao hulipia dukani, kituo cha mafuta na kwenye simu. Hapo Uganda ni kali kuliko Kenya: hutoza asilimia 0.5 ya fedha yenyewe inayotolewa kwa wakala, ilhali Kenya hutoza ushuru wa asilimia 15 juu ya ada ya muamala pekee. Anayetoa shilingi 100,000 mjini Kampala huiachia serikali 500, awe amepata faida siku hiyo au ametoa akiba ya kumpeleka mtoto hospitali.