Mwenye fondasio akifariki, funguo zinaenda kwa nani?

Tarehe 4 mwezi wa pili 2025 Karim Aga Khan alifariki kule Lisbon, akiwa na miaka 88. Kesho yake jina la mrithi likatangazwa kufuatana na wasia wake: Rahim, mtoto wake mwanaume wa kwanza. Hapakuwa kura, hapakuwa mkutano wa siku tatu. Kwa Waismailia hilo ni jambo la dini, imamu anachagua imamu, na siye hatuingii mule. Lakini ule mzee aliacha pia kazi kubwa ya hisani na ya biashara: lopitalo za Nairobi, Mombasa, Kisumu na Dar es Salaam zenye jina lake, hata hoteli Serena ya Goma. Maelfu ya watu wanatumika mule, na mukubwa wao mpya alitoka ndani ya bahasha moja.

Likasi hatuna Aga Khan. Tuko na fondasio zingine, kubwa na ndogo, nyingi zikibeba jina la mwanasiasa, la bibi yake, la mwenye kampuni ao la marehemu baba yake. Inaleta bomba la maji, inajenga darasa mbili, inalipia yatima makuta ya masomo. Siku ya kupokea tunapiga mikono, na tunajua vizuri kuuliza italeta nini tena. Hatuulizi nani aliweka mukubwa wake, na nani anaweza kumutoa. Ulizo hilo linakuja siku mwenyewe anakufa ao anaanguka ku kura, na wakati ule tumeshachelewa.

Sheria iko, ile namba 004/2001 ya tarehe 20 mwezi wa saba 2001, inayosimamia ASBL na mashirika ya faida ya watu wote. Lakini haimupe mama wa Kikula, aliyepata maji, sauti ya kuchagua. Makuta ni ya familia, familia njo inachagua. Tuseme ukweli, hiyo si wizi. Jirani akikugawia bukari ya nyumba yake, humupangii sahani.

Tofauti iko ku namna ya kutayarisha. Rahim alikuwa na miaka 53, na miaka mingi alishaketi ndani ya kamati za kazi ya baba yake. Baba mwenyewe, mwaka 1957, alikuwa kijana wa miaka 20, bado anasoma Harvard, wakati babu yake aliruka mtoto wake na kumuchagua mjukuu. Alifaulu, lakini ingeweza kuharibika. Kule Marekani, tajiri Warren Buffett alipanga namna ingine: watoto wake watatu ndio watagawa mali yake ya hisani, na lazima wapatane wote watatu. Mwaka 2024 aliongeza majina ya watu wengine watatu nyuma yao, kwa sababu watoto nao wanazeeka. Mmoja wao, Howard, tunamujua hapa Kongo: fondasio yake njo ilitoa makuta ya barrage ya Matebe, kule Rutshuru, megawati 13 zilizoanza kuwaka mwisho wa 2015. Watu wa kule wanapata moto wa umeme kwa uamuzi wa mtu hawakumuchagua. Moto unawaka, ndiyo. Tunaonyesha tu waya unaanzia wapi.

Lakini mfano unaotugusa zaidi ni wa Dikembe Mutombo. Alifariki tarehe 30 mwezi wa tisa 2024, na miaka 58 tu. Fondasio yake aliianzisha 1997, wakati bado anacheza basketi Marekani. Mama yake alikufa Kinshasa kwa sababu fujo ilifunga barabara, hakufika lopitalo. Mtoto akajenga lopitalo ya vitanda 300 na kuipa jina la mama, Biamba Marie Mutombo. Ilianza kupokea wagonjwa 2007. Ilimeza dola milioni 29, na milioni 15 zilitoka mufukoni mwake mwenyewe. Zile zingine alizitafuta kwa kugonga milango, na milango ilifunguka kwa sababu ni yeye alikuwa anagonga. Hapa njo kuna ugumu. Direkta unaweza kumuandikia barua ya kazi, umupe biro na gari. Jina la Mutombo na urefu wake, huwezi kumukabizi mtu. Fondasio inayosimama juu ya mtu mmoja, hata mtu muzuri namna ile, mrithi wake anaanza kazi na funguo za nyumba bila funguo za sanduku.

Wazee wa Likasi hawahitaji kufundishwa. Kazi, ni kusema Gécamines, ilikuwa baba na mama: posho, masomo, munganga, hata sanduku la maiti. Hakuna mtumishi aliyepiga kura kwa PDG. Ilipochoka, yote yalichoka pamoja nayo, na mwaka 2003 watu zaidi ya 10.000 walirudishwa nyumbani kwa jina la « departs volontaires ».

Kwa hiyo tusichanganye vitu viwili vinavyokuja na picha na T-shirt zinazofanana. Fondasio ni zawadi. Lakini tangu code minier ya 2018, kampuni ya mugodi lazima itoe 0,3 % ya mauzo yake ya mwaka kwa wakaaji wanaoizunguka, ni kusema dola 300.000 kwa kila milioni 100 inazouza. Hiyo si hisani, na haihusu jina la familia ya mtu. Inasimamiwa na chombo maalumu ambamo wajumbe wa wakaaji wanaketi pamoja na wa kampuni. Kama kampuni inajenga masomo kwa makuta yale na kuandika jina la fondasio ya mwenyewe ku ukuta, muulize mukono gani ulilipa.

Na kwa chombo kile, tofauti na fondasio, ulizo la nani aliweka nani liko na mwenye kujibu. Mujumbe wa kartier yenu anaitwa nani, na aliwekwa ku mkutano gani?