Kugeuka mlimani si aibu

Baba mmoja alimleta kliniki binti yake wa miaka 15 nimpime kabla ya kupanda Kilimanjaro wakati wa likizo. Binti anapenda kupiga picha za mandhari na anaitaka moja tu: jua likichomoza, yeye akiwa kilele cha Uhuru. Nilimpima, sikuona tatizo. Kisha nikamuuliza baba, “Akiumwa kichwa njiani mtafanyaje?” Akanijibu, “Atajikaza, daktari. Tumeshalipa.”

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike leo, kwa sababu hata mimi niliwahi kujiambia hivyo hivyo.

Miaka kadhaa iliyopita nilipanda kwa njia ya Marangu nikiwa na kamera, nikiifuata picha hiyo hiyo. Nilipofika Horombo, mita 3,720, kichwa kikaanza kuuma. Nilimeza dawa ya maumivu, nikanyamaza. Kibo, mita 4,720, nikatapika. Mwongozaji aliponiuliza nikasingizia chakula. Usiku tukaanza safari ya kileleni. Haukupita muda nikawa nayumba kama mlevi. Mwongozaji akaniambia nitembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole. Nilishindwa. Akasema, “Dada, tunashuka.” Nilibishana naye, mimi daktari. Hakunisikiliza, na namshukuru hadi leo.

Kileleni, mita 5,895, kila pumzi ina karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata ukiwa Dar es Salaam. Mwili unaweza kuzoea, lakini unahitaji siku. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala leo pasipande zaidi ya mita 500 kuliko ulipolala jana. Horombo hadi Kibo ni mita 1,000 kwa siku moja. Kwa hiyo siku ya ziada ya kupumzika Horombo si anasa, na wanaoiondoa ili kupunguza gharama wanakosea.

Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, uchukulie kuwa ni ugonjwa wa mwinuko. Usipande zaidi mpaka dalili ziishe, zikizidi, shuka. Kuyumba, kuchanganyikiwa, au kuhema ukiwa umekaa ni dharura, kwani huenda ubongo unavimba au maji yanajaa kwenye mapafu. Hapo mgonjwa hushushwa mara moja, hata kama ni usiku, na haachwi peke yake. Ujana na mazoezi havimkingi mtu. Mwenye selimundu namshauri asipande kabisa. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu au mimba azungumze na daktari wake kwanza.

Lakini kujua dalili hakutoshi. Mimi nilizijua zote, na bado nilizificha. Kilichonishinda ni kwamba nilikuwa na mpango mmoja tu. Uamuzi wa kugeuka ni mgumu mno kuufanya ukiwa juu, umechoka, kuna baridi, na akili haina oksijeni ya kutosha. Ufanyeni nyumbani. Kubalianeni ni dalili ipi itawarudisha, nani atashuka na mtoto, na kwamba neno la mwongozaji ni la mwisho.

Pia chagueni picha ya pili na ya tatu. Mpiga picha wa mandhari anajua kuwa wingu likifunika mlima, hugeuza kamera upande mwingine. Karibu na Mandara kuna kreta ya Maundi. Horombo kuna zile senesio kubwa zinazosimama kama watu, na Mawenzi nyuma yake. Usiku ule nilishushwa hadi hapo, na kulipopambazuka kichwa kilikuwa kimepungua. Picha ya Mawenzi niliyopiga asubuhi hiyo ndiyo iliyo ukutani kliniki kwangu.

Baba yule ameongeza siku moja Horombo. Binti naye ameandika orodha ya picha kwa kila kituo, ya kileleni akaiweka mwisho. Nawe mzazi, kabla hamjaondoka nyumbani, mwambie mwanao waziwazi: akisema anaumwa, hakuna atakayemlaumu, hata kama mmeshalipa.